Sina masters na sijagusa hadubini ya leza: naweza kuomba PhD ya seli hai?

Swali: Shikamoo Daktari. Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara za tiba, nimeajiriwa hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa, benchi la kifua kikuu. Rafiki yangu amenitumia tangazo la nafasi za PhD Ujerumani: hadubini ya fluoresensi kwenye seli zilizo hai. Nimelipenda sana, lakini sina masters, na hadubini ya aina hiyo sijawahi kuigusa. Je, nina nafasi au najisumbua bure? Na nikipata, ada natoa wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kutogusa, maana hapo umejidhulumu mwenyewe. Makohozi yakifika kwenye benchi lako unayapaka rangi gani? Kama ni oramini na unasomea kwenye hadubini ya LED, basi kila siku ya kazi unatumia hadubini ya fluoresensi. Taa ya bluu inaipiga rangi, rangi inameza mwanga huo na kurudisha mwanga wa njano-kijani, kichujio kinaizuia bluu isifike jichoni, na bakteria anabaki anawaka gizani kama kijiti. Ndiyo maana wewe unapitisha slaidi kwa lenzi ya 20 au 40, wakati mwenzako anayetumia rangi ya Ziehl-Neelsen kwenye mwanga wa kawaida anahangaika na lenzi ya 100 na mafuta. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za LED kwa ajili hiyo mwaka 2011, na hata sasa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, inapotangulia kwenye kupima, hadubini bado ndiyo inayofuatilia mgonjwa aliye kwenye dawa. Mashine ya leza ya mamia ya mamilioni ya shilingi unayoiona kwenye tangazo inafuata fizikia hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye CV usiandike tu kwamba unasoma slaidi za TB. Andika umefanya fluoresensi kwa miaka mingapi, unajua nini kinachofifisha rangi, unafanyaje udhibiti wa ubora, na wewe na msomaji wa pili mnakubaliana kwa kiasi gani. Mambo hayo wanafunzi wengi wa Ulaya hawajawahi kuyafanya wanapoomba.

Tofauti iko kwingine. Bakteria wako wamekwisha kufa: umewakausha, umewapitisha kwenye moto, umewamwagia rangi na asidi. Ukiwamulika dakika kumi kinachoharibika ni rangi peke yake. Seli hai inataka nyuzijoto 37, hewa yenye asilimia 5 ya kabonidioksidi, unyevu wa kutosha ili lishe isikauke, na zaidi ya yote inataka kuachwa gizani. Kila unapoipiga leza, rangi iliyomo ndani yake inazalisha oksijeni yenye hasira inayoharibu protini na DNA. Mwanga unakuwa kama uniti za Luku: zikiisha zimeisha, na uamuzi ni wako kama utazitumia kwa picha chache kali au picha nyingi hafifu.

Chukua kazi ya kawaida kabisa, kurekodi seli za binadamu zikigawanyika. Mgawanyiko wenyewe huchukua takriban saa moja, lakini hujui seli ipi itaanza lini, kwa hiyo unarekodi usiku kucha. Mwanafunzi mgeni anapanga picha kila baada ya sekunde kumi, tabaka ishirini kila mara, leza juu ili picha ipendeze. Asubuhi anakuta kromosomu zimejipanga katikati zikakwama hapo hapo, na seli nyingine zimetoa malengelenge na kujikunja. Anaandika kwenye daftari kwamba dawa aliyoweka imezuia mgawanyiko. Dawa ya watu haina kosa lolote. Mwenye uzoefu angepiga picha kila baada ya dakika tatu, tabaka tano, leza ameishusha mpaka picha ina chenga, na lishe yake haina fenoli nyekundu, kwa sababu rangi ile ya waridi nayo inang'aa kidogo na kuchafua giza. Muhimu kuliko yote, angekuwa na kisahani cha pembeni chenye seli zile zile ambazo hazikumulikwa kabisa, na asubuhi angehesabu ngapi zimegawanyika huku na ngapi kule.

Nimekueleza hayo kwa urefu kwa sababu ndiyo moyo wa kazi yenyewe, na ndiyo wanayokuja kukupima nayo kwenye usaili. Vitufe vya mashine utafundishwa na mafundi wa kitengo cha hadubini. Baada ya wiki chache utakuwa unaviendesha. Kujiuliza kama picha nzuri inasema kweli, hilo huchukua muda mrefu zaidi, na mtu aliyelizoea anajulikana mapema.

Historia fupi, usije ukakwama mtu akikugusia. Rangi ya kupaka kama yako huua au huingia kwa shida kwenye seli hai. Mlango ulifunguliwa na protini ya kijani ya konyeza mmoja wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, iliyotenganishwa na Osamu Shimomura mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba jeni yake ikiwekwa kwa mnyoo, mnyoo anang'aa mwenyewe bila kupakwa chochote. Roger Tsien akaiboresha na kuizalia ndugu wa rangi nyingine, na watatu hao wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 2008. Kikwazo cha pili ni cha zamani zaidi: Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba lenzi haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani kama nanomita 200. Stefan Hell, Eric Betzig na William Moerner walipata Nobeli ya 2014 kwa kukizunguka. Lakini njia hizo nyingi zinadai mwanga mkali mno au maelfu ya picha kwa eneo moja, na seli hai, kama nilivyosema, haina uvumilivu huo. Mvutano kati ya kuona kwa undani na kutoua unachokiona ndio unaofanya maabara ziendelee kutangaza nafasi mwaka hadi mwaka. Wapo wanaotafuta rangi imara zaidi, wapo wanaomulika tabaka moja tu linalotazamwa kwa karatasi ya mwanga kutoka ubavuni, mbinu iliyotoka EMBL, maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli iliyoko Heidelberg, mwaka 2004, na wapo wanaofundisha kompyuta kusafisha picha yenye chenga.

Sasa masters. Ujerumani kwa kawaida wanaidai, na tangazo lako ukilisoma vizuri litakuwa limesema hivyo. Kama limesema, usipoteze wiki mbili kulipigania. EMBL na nyingi za taasisi za utafiti za Max Planck nazo wanaowachukua karibu wote wana masters. Ila Göttingen kuna programu ya pamoja ya masters na PhD katika baiolojia ya molekuli, wanakofanya kazi Chuo Kikuu na Max Planck, ambayo inapokea wenye shahada ya kwanza. Mwaka wa kwanza ni masomo mazito na mazoezi ya maabara. Wanaofanya vizuri huingia PhD moja kwa moja, wengine humalizia masters. Mji huo ndio nyumbani kwa maabara ya Hell, na kwa mtu wa hali yako ningeuweka juu ya orodha. Wa pili ningeweka ISTA, taasisi ya sayansi na teknolojia iliyoko nje kidogo ya Vienna, Austria. Nao wanachukua wenye shahada ya kwanza, unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua, na maombi yao hufungwa siku za mwanzo za Januari.

Marekani masters si sharti. Unaingia ukiwa na shahada ya kwanza, unakaa miaka mitano au sita, mwaka wa kwanza unapita maabara mbili tatu ndipo unachagua. Maombi mengi hufungwa Desemba. Vyuo vingi vimeacha kudai mtihani wa GRE, na ada ya maombi inaweza kusamehewa ukiomba mapema. Usione haya kuomba, fomu ipo kwa ajili yenu. Uingereza ni pagumu zaidi: tangu 2021 fedha za serikali yao kwa PhD zimefunguliwa kwa wageni, lakini wageni hawazidi asilimia 30 ya kila kundi. Ufaransa, Institut Pasteur ya Paris ina programu yake mahususi kwa wageni, ila hao wanataka masters.

Kuna pia mitandao ya Marie Skłodowska-Curie inayolipiwa na Umoja wa Ulaya. Mtandao mmoja unaajiri wanafunzi kadhaa katika nchi mbalimbali kwa mada moja, na mada za hadubini hutokea mara kwa mara. Uraia wowote unakubalika. Sharti lake la ajabu linakusaidia wewe: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayokwenda. Aliyetoka kumaliza masters Ujerumani hivi karibuni amezuiwa kuomba nafasi ya Ujerumani. Wewe wa Kanda ya Ziwa, kwa sharti hilo, huna kizuizi popote. Matangazo yao yanawekwa kwenye tovuti ya EURAXESS.

Kuhusu ada nitakuwa mkali kidogo. PhD ya sayansi ya maabara katika nchi hizo unalipwa, hulipi. Ujerumani wengi wanapewa mkataba wa kazi, mara nyingi sehemu ya mshahara wa daraja la E13, pamoja na bima ya afya. Marekani ada inafutwa na unapewa posho ya kuishi. Ukiona barua ya kukubaliwa kwenye baiolojia ya seli inayokutaka ulipe maelfu ya euro kila mwaka kutoka mfukoni, huo si ufadhili, iache ipite. Na wakala anayetaka "hela ya kushughulikia nafasi" mkimbie. Hakuna profesa anayepokea wanafunzi kupitia wakala. Gharama zako halali ni mtihani wa Kiingereza pale wanapoutaka, nakala za vyeti na viza. Waulize kwanza kama barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza inatosha, kwa sababu baadhi wanaikubali.

Kabla hujatazama Ulaya yote, tazama karibu. Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, kuna kazi ninayopenda kuwaonyesha vijana. Baadhi ya watu wa eneo lile wana aina ya damu iitwayo Dantu ambayo kwingine duniani ni nadra, na watoto walio nayo hawaugui malaria kali kwa urahisi. Watafiti wa Kilifi wakishirikiana na Cambridge walichukua seli nyekundu za watoto hao, wakarekodi kwa video vimelea hai vikijaribu kuziingia. Waligundua kwamba utando wa seli za Dantu umekaza zaidi, na seli iliyokaza kupita kiwango fulani kimelea kinashindwa kuipenya. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2020. Zingatia jambo moja: kukaza kwa utando kulipimwa kwa kutazama jinsi unavyotetemeka kwenye mwanga wa kawaida, kwa kamera ya kasi. Swali ndilo lililochagua chombo. Ukituma maombi yanayosema tu kwamba unaipenda teknolojia ya kisasa ya hadubini, utafanana na wengine mia.

Karibu pia kuna Accra, ambako kituo cha WACCBIP cha Chuo Kikuu cha Ghana hufadhili masters na PhD za baiolojia ya seli ya magonjwa ya kuambukiza. Cape Town kuna kituo cha upigaji picha cha Africa Microscopy Initiative kinachopokea maombi ya watafiti kutoka taasisi za Afrika kuja kutumia hadubini za kisasa. Mwanafunzi wa PhD aliyesajiliwa Dar, Nairobi au Kampala anaweza kufanya sehemu ya kazi yake pale. Na pale kwenye taasisi ya afya ya Ifakara wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Bath kwenye OpenFlexure, hadubini inayochapwa kwa plastiki, iliyojaribiwa kusoma slaidi za malaria hapa hapa Tanzania. Kwa mtu mwenye mkono wa ufundi, huo nao ni mlango.

Wewe swali lako liko benchini. Umesoma makohozi ya wagonjwa wanaokunywa dawa miezi miwili na bado wanaonyesha bakteria. Hao bakteria ni mizoga au wako hai? Oramini haikuambii, kwa sababu inawapaka wote. Kuna rangi zinazoingia tu kwa bakteria anayejenga ukuta wake, na kuna maabara zinazotazama bakteria wa jamii hiyo mmoja mmoja wakikua kwenye mifereji midogo huku dawa inapita, ili kuona kwa nini wengine wanakufa na wengine wanasubiri. Ukimwandikia profesa wa maabara kama hiyo, barua pepe yako iwe na aya tatu fupi. Ya kwanza iseme wewe ni nani na umeona nini kwenye slaidi. Ya pili itaje makala yake moja uliyoisoma na swali moja ambalo makala hiyo haikulijibu. Ya tatu iulize kama ana nafasi na kupitia programu gani. CV moja, kurasa mbili. Usianze na "Dear esteemed Professor", na usitume barua ile ile kwa watu arobaini. Wanajuana, na wanaonyeshana. Asipojibu ndani ya wiki mbili mkumbushe mara moja, kisha songa.

Katika miezi iliyobaki kabla ya Desemba, jifunze kupima picha. Kompyuta yako ya kawaida inatosha. Fiji ni programu ya bure ya kupima picha. Picha za seli za kujifunzia zimewekwa wazi kwenye Broad Bioimage Benchmark Collection na Image Data Resource, na zile za Broad nyingine zimeambatana na hesabu sahihi, kwa hiyo unaweza kujisahihisha. Anza kwa kuhesabu viini, kisha pima ukali wa mwanga baada ya kuondoa giza la nyuma, kisha fuatilia seli moja kutoka picha hadi picha. Ongeza Python, lugha ya kuandikia programu, kidogo kidogo, halafu jaribu Cellpose, programu ambayo inachora mipaka ya seli yenyewe. Hifadhi kazi hiyo mahali watu wanaweza kuiona na uweke kiungo kwenye CV. Kwa nadharia, mihadhara ya hadubini ya iBiology ni ya bure na imefundishwa na wenye kazi yao. Onyo moja: usipige picha slaidi za wagonjwa wa hospitali yako ukaziweka mtandaoni, hata kama hazina majina. Ukitaka kuzifanyia utafiti kuna kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndiyo njia.

Ukiitwa kwenye usaili, utaeleza kazi uliyowahi kufanya kwa dakika chache, kisha watakubana. Nimekaa upande ule wa meza, na swali ninalolipenda ni hili: utajuaje kwamba leza yenyewe haikubadilisha tabia ya seli? Wengi hutaja mashine ya gharama zaidi. Mimi nasubiri kile kisahani cha pembeni. Lingine ni hili: rangi imefifia hadi nusu katikati ya rekodi, je, protini imepungua au rangi imeungua? Hapo wanatarajia useme utarekodi seli ambayo protini yake haibadiliki, chini ya mwanga ule ule, upate kipimo cha kuungua. Usipojua jambo sema hujui, kisha sema ungelitafutaje.

Nawe uwahoji. Waulize wanafunzi wa maabara, msimamizi akiwa hayupo, hadubini inapatikana saa ngapi kwa wiki na nani analipia saa hizo. Kuna maabara zenye mashine tatu za kisasa na mwanafunzi mgeni anapangiwa saa nane usiku mwaka mzima. Waulize waliomaliza walichukua miaka mingapi na sasa wako wapi. Msimamizi ambaye wanafunzi wake wanasita kujibu hilo, achana naye hata kama jina lake ni kubwa.

Mwisho ni mambo ya ofisini. Wewe ni mwajiriwa, kwa hiyo ruhusa ya masomo ianze kuombwa mapema, maana barua ikishatoka kwa mganga mfawidhi ina safari yake. Transcript iagize chuoni sasa, usingoje Novemba. Warejeo watatu uwaandae wiki hii: mwalimu aliyekusimamia utafiti wa mwaka wa mwisho, mkuu wa maabara yako, na mratibu wa kifua kikuu wa mkoa kama amewahi kukagua slaidi zako. Kila mmoja mpe ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya chini yake, na tarehe ya mwisho uiweke wiki mbili kabla ya ile ya kweli.